PICHA YA ARUSI NA AMANA YAKE

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Katika darsa yetu ya baada ya sala ya Isha hapa Garsen liliulizwa suala ambalo, kwa kutazama juu juu, laonekana si la msikitini. Kijana mmoja ambaye riziki yake ni kupiga picha katika maarusi alitaka kujua mambo mawili. La kwanza: hiyo ilhamu inayomjia mpiga picha, hata akatoa picha ambayo watu hawaisahau, yatoka wapi? La pili: je, kazi hiyo yaweza kuwa na thawabu, au ni upuuzi wa dunia ambao mwenye akili huuepuka? Wako waliocheka. Mzee mmoja akasema kwamba ni afadhali kijana aulize habari za udhu, maana sala ndiyo atakayoulizwa kwanza.

Lakini suala halikuondoka kwa vicheko. Kwani ni nani kati yetu leo aozaye binti yake pasipo picha? Tangu Kipini mpaka Hola, tangu Lamu mpaka Mombasa, arusi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka imepigwa picha. Mali hutumika kwa ajili yake, wanawake husitiriwa au hufedheheshwa kwa sababu yake, na miaka ikipita ndiyo husemwa kuwa ni ukumbusho. Jambo lililoingia katika nikahi zetu kiasi hicho haliwezi kuwa dogo. Yatupasa kulitazama kwa utulivu.

Kwanza twapenda kusema wazi kwamba hatukukaa kuamua kwa mara ya mwisho hukumu ya picha. Wanavyuoni wamehitilafiana, na kila upande una hoja zake. Wako waliokataza, wakashika ule ukali wa hadithi zilizokuja juu ya wenye kufanya sura. Na wako walioruhusu. Miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliandika risala maalumu akasema kwamba picha ya kamera si kuumba sura, bali ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Mwenye kujizuia kwa taqwa tunamheshimu, na mwenye kufuata rukhsa ya mwanachuoni hatumkemei. Lakini hata huyu aliyefuata rukhsa hajamaliza kazi. Kuruhusiwa chombo si kuruhusiwa kila kifanywacho nacho. Kisu ni halali, na yako mauaji.

Tukumbuke kisa cha Bibi Aisha na pazia. Alitundika nyumbani pazia lenye sura, Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo. Bibi Aisha akalikata, akalifanya mito ya kuegemea, nayo ikatumika mumo humo nyumbani. Wanavyuoni wengi wamelichukua hili kuwa dalili kwamba hukumu ya kitu chenye sura hufuata mahali kilipowekwa na daraja kilichopewa. Sisi twachukua humo funzo moja tu la kutufaa katika maneno yetu haya: tusiulize picha ni nini peke yake, tuulize imewekwa wapi katika maisha yetu, na tumeipa heshima ya nani.

Sasa turudi kwa kijana na ilhamu yake.

Upigaji picha ulitangazwa ulimwenguni mwaka 1839 mjini Paris, na haukukawia kufika pwani yetu. Unguja, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na kwa miaka mingi watu wa mji walikwenda kwake na nguo zao nzuri, mtu na mkewe, ndugu na ndugu, shoga na shoga. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, ambaye alisifika kwa ufundi wa kuunganisha picha mbali mbali zikawa picha moja. Na katika miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni walitundika nguo zilizochorwa majumba na meli na ndege, mtu akasimama mbele yake, akaonekana kama msafiri, naye hakuwahi kuondoka Mombasa.

Hatuwalaumu waliosimama mbele ya nguo hizo. Mwanadamu hupenda kujiona katika hali iliyo bora kuliko hali yake, na hilo si dhambi likiwa halikuzidi mpaka. Lakini hebu, ndugu msomaji, itoe picha ya zamani ya arusi ya wazazi wako, kama unayo, uitazame. Jicho lako laenda wapi? Haliendi kwenye pazia wala kwenye maua ya karatasi. Laenda kwenye mkono wa mama uliokamata upindo wa leso kwa haya. Laenda kwenye kola ya baba iliyo kubwa kuliko shingo yake, kwa kuwa kanzu ilikuwa ya kuazima. Yale yaliyopangwa na mwenye studio yamekufa na mtindo wa miaka ile. Yaliyobaki hai ni yale ambayo hakuna aliyeyapanga.

Hapa ndipo tunapoanza kuiona njia ya jawabu. Na hatuna haja ya kwenda mbali kuitafutia mfano, kwani mfano mkubwa umetoka katika mto wetu huu. Kila Mkenya asimamapo kwa wimbo wa taifa husimama kwa sauti iliyotoka kwa Wapokomo wa Tana. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikijitayarisha kwa uhuru, ilitafutwa sauti iliyo ya wananchi wenyewe, ikapatikana kwa Mzee Meza Moroa Galana: nayo ni sauti ambayo mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto. Mama yule wa kwanza hakutunga kwa ajili ya bendera, wala hakudhani kwamba askari watapiga saluti. Alitaka mtoto alale. Kwa kuwa haja yake ilikuwa ya kweli, sauti yake ikawa na nguvu ya kubeba haja nyingine za kweli. Laiti angekaa kitako akasema, “Nitunge jambo ambalo ulimwengu hautalisahau,” huenda mtoto asingelala, na sisi tusingepata wimbo.

Yule kijana aliposikia hayo, alitusimulia kisa chake mwenyewe, nacho ndicho kilichogeuza baraza yetu.

Watu wa huku hawahitaji kukumbushwa mwaka 2012, lakini wasomaji wetu wa miji mingine huenda wamesahau. Mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma wameishi kwenye mto mmoja kwa vizazi vingi. Mto ukijaa humwachia mkulima ardhi yenye rutuba, na kiangazi kikija humwita mfugaji kutoka bara na ng'ombe wake. Wote wawili wana haja na maji yale yale kwa wakati ule ule. Mara nyingi walipatana: ng'ombe wakapita njia yao ya kwendea maji, na mavuno yakiisha wakala mabua. Lakini Agosti 2012 fitina iliwaka. Katika kijiji cha Riketa peke yake waliuawa watu zaidi ya 50 kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Kulipiza kisasi kukafuatana na kulipiza kisasi, na kabla mambo hayajatulia mwaka 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100. Humo walikuwamo watu waliokuwa wakielekea kibla kimoja. Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa.

Haukupita mwaka wa pili baada ya hayo, kijana wetu akaitwa kupiga picha katika arusi ya nyumba ya wakulima. Miongoni mwa wageni alikuja mzee mmoja mfugaji. Zamani, kabla ya fitina, mzee huyu na baba wa bwana arusi walikuwa marafiki. Ng'ombe wa mmoja walikuwa wakinywa maji penye shamba la mwingine. Tangu fitina hawakuwa wamekula pamoja. Mzee alikaa ukingoni mwa turubai, bakora yake mapajani, kama mtu aliyekuja kwa wajibu na anayengoja kuondoka.

Chakula kikatengwa. Vijana wa kunawisha watu walikuwa upande wa pili. Basi baba wa bwana arusi akaichukua birika na bakuli mwenyewe, akamwendea mgeni, akainama, akammiminia maji. Mgeni akanawa. Alipokwisha, hakukaa. Akaishika birika mkononi mwa mwenziwe, akaichukua, akammiminia yeye. Hawakusema neno. Kijana alikuwa amesimama penye nguzo ya turubai. Akapiga picha moja.

Alipoitazama aliona kasoro zake. Jua lilikuwa nyuma ya wazee, uso mmoja una kiza, na mtoto mmoja amekatika pembeni. Akawaendea kwa adabu akasema, “Wazee wangu, niwieni radhi, rudieni kidogo, na msimame upande huu wenye mwanga.” Wazee, kwa ukarimu wa arusi, wakakubali kurudia. Picha ya pili ikatoka safi: nyuso zote zaonekana, na maji yang'ara katika jua. Lakini, akasema kijana, kila aliyepata kuonyeshwa picha zote mbili alichagua ile ya kwanza, hata wale wasiojua habari ya wazee hao. “Nami mpaka leo,” akasema, “sijui ya pili imepungukiwa na nini.”

Tukakaa tukafikiri. Mikono ni ile ile, birika ni ile ile, na mwanga wa pili ni bora. Kimepungua nini?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali huenda na nia, na kila mtu atapata alilolinuia. Maji ya kwanza yalimiminwa kwa ajili ya rafiki. Maji ya pili yalimiminwa kwa ajili ya picha. Katika mara ya kwanza picha ilikuwa shahidi wa tendo. Katika mara ya pili tendo limekuwa mtumishi wa picha. Tofauti hiyo ndiyo waliyoiona watazamaji, ingawa hawakuweza kuitaja.

Pengine mtu atasema: Nia ni ya moyoni, na hakuna aionaye ila Mwenyezi Mungu, vipi basi chombo cha chuma na kioo kitaiona? Twamjibu kwamba ni kweli, moyo hauonekani. Lakini athari yake huonekana. Katika picha ya kwanza macho ya wazee wote wawili yalikuwa kwenye maji na mikono. Katika ya pili, mmoja alikuwa akimtazama kijana, kuuliza kama imetosha. Chombo hakikuiona nia, kiliona jicho limeelekea wapi. Na jicho hufuata moyo.

Mwingine atasema: Ikiwa mambo ni hayo, basi mpiga picha hana kazi, na angoje tu kama mtu angojaye embe lianguke. Nalo si sawa. Mvuvi hamwumbi samaki, lakini hakuna asemaye kwamba mvuvi hana kazi. Yampasa ajue maji, ajue upepo, aushone wavu wake kabla, na awe mahali panapotakiwa kwa saa inayotakiwa. Hali kadhalika mpiga picha wa Tana yampasa ajue kwamba jua la mchana la huku hukata uso kama kisu, na kwamba baada ya alasiri, chini ya miembe ya kando ya mto, mwanga huwa mpole. Yampasa ajue chombo chake hata kisimshughulishe. Lakini juu ya hayo yote, yampasa awajue watu. Mpiga picha aliyetoka mji wa mbali, asiyejua habari ya 2012, angaliwaona wazee wawili wananawa tu, na pengine angaligeuka kulitafuta gari la biarusi. Kijana wetu aliona kwa sababu alijua, na alijua kwa sababu maumivu ya watu hao ni maumivu yake.

Basi tukikusanya maneno, jawabu letu la suala la kwanza ni hili. Ilhamu ya picha isiyosahaulika si wazo la ajabu limshukialo fundi kichwani kisha akalilazimisha kwa watu. Ni kuhudhuria kwa moyo mbele ya jambo la kweli, na kulitambua kabla halijapita. Fundi huitayarisha mikono yake, na jambo lenyewe hutoka kwa Mungu na kwa waja wake. Mwenye kuhudhuria huliona, na aliyejishughulisha na nafsi yake humpita.

Na kama picha ni shahidi, basi mpiga picha anafungwa na adabu za ushahidi, nazo twazijua katika sheria yetu. Shahidi hasemi asiyoyaona. Shahidi haongezi kwa ajili ya malipo. Na shahidi aliyeona siri ya mwenziwe huisitiri, maana si kila la kweli ni la kutangazwa.

Hilo la tatu ndilo lililokuwa zito kwa kijana wetu, kwani kisa chake hakikwisha penye birika. Jioni ile alitaka kuisambaza ile picha katika simu, ili watu waone kwamba sulhu yawezekana. Nia yake ilikuwa njema. Alimwomba idhini yule mzee mfugaji. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Mwanangu, nina ndugu ambao makaburi ya watoto wao bado ni mabichi. Wakiiona picha hii kabla sijakaa nao, watasema nimeuza damu yao kwa sahani ya pilau. Ngoja.” Kijana akangoja.

Je, alifanya vyema? Hapa baraza yetu iligawanyika, na twapenda kueleza pande zote mbili kwa uadilifu. Wako waliosema kwamba kupatanisha watu ni katika amali bora mno, na picha kama ile ingeweza kulainisha nyoyo nyingi; basi haifai maslaha ya wengi yazuiwe na hofu ya mmoja. Na wako waliosema kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa yapitayo katika vikao ni amana, na uso wa mtu ni wake.

Sisi twaona upande wa pili ndio wenye haki. Si kwamba twadharau maslaha ya sulhu. Bali sulhu yenyewe hujengwa juu ya kuaminiana, na haijengwi kwa uso wa mtu uliochukuliwa pasipo radhi yake. Mzee yule alikuwa amebeba mzigo ambao kijana hakuubeba: ni yeye atakayerudi kwa ndugu zake, ni yeye atakayeulizwa. Mwenye mzigo ndiye ajuaye wakati wa kuutua. Kijana alichapisha nakala mbili, akampa kila mzee yake. Baada ya miezi kadhaa yule mfugaji mwenyewe aliichukua nakala yake, akaenda nayo kwa ndugu zake. Walizungumza nini, kijana hakutuambia, wala sisi hatukumuuliza.

Sasa tugeukie nyumba zetu wenyewe, kwani si haki kumwachia mpiga picha mzigo wote. Yeye hupiga kile alichoitiwa. Ni sisi tunaomwita.

Ziko arusi leo ambazo picha imepewa daraja ya mwenye nyumba. Bwana arusi na biarusi hawakai na wazee waliotoka mbali kuwaombea dua, kwa sababu mpiga picha anawangoja mtoni. Hutolewa Garsen wakapelekwa Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100, ili wasimame mbele ya bahari ya hoteli ambayo si yao, na Tana imewapita mlangoni. Hukodiwa nguo za siku moja, na chombo kirukacho angani kiitwacho droni. Na baba wa watu amekopa. Mwaka mzima atauza mpunga wake na maembe yake kulipa deni la siku moja ya kuonekana tajiri. Mwenye uwezo, akatumia kwa kiasi, hatumlaumu. Lakini deni la kujionyesha ni israfu iliyopandwa juu ya riya, na wana huanza ndoa yao wakiwa wadeni wa picha.

Tazameni walima wa Mtume wetu (S.A.W.) alipomwoa Bibi Safiyya, wakiwa safarini. Hapakuwa na nyama wala mkate. Zilitandikwa ngozi, yakawekwa tende na jibini na samli, watu wakala. Karne kumi na nne zimepita, hakuna picha, nasi tungali twaukumbuka. Abdulrahman bin Auf alipooa aliambiwa afanye walima hata kwa kondoo mmoja. Wala hatusemi kwamba arusi iwe kimya kama tanga la maiti. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliuliza habari za burudani katika arusi moja ya Ansari, akasema kwamba watu hao hupenda burudani. Furaha ni katika sunna, na ufukara wa kujitakia si katika sunna.

Kisha kuna jambo la haya, nalo twaliandika kwa uchungu. Biarusi katika desturi yetu hupambwa kwa ajili ya mumewe na mbele ya wanawake wenziwe. Kitanda cha hina, mavazi ya ndani ya nyumba, nywele zilizosukwa: hayo ni amana ya chumba kile. Leo kila mkono una simu. Shoga mmoja hupiga picha pasipo ubaya moyoni, akampelekea ndugu yake, na ndugu akampelekea mwingine, na kabla ya biarusi kutolewa nje, vijana wa barazani wamekwisha kumwona. Msichana mmoja tumjuaye, hatutamtaja jina wala mji, alianza ndoa yake kwa machozi kwa sababu hiyo, na aliyesambaza picha alisema tu, “Alikuwa amependeza.” Kupendeza kwake si idhini. Kumwiba mtu mali yake ni dhambi ijapokuwa mali ni nzuri. Bali uzuri wa mali ndio unaozidisha wizi.

Dawa ipo, wala si ngumu. Ziko familia katika miji yetu ambazo huziacha simu mlangoni katika kusanyiko la wanawake, na mwenye kupiga picha akawa ni mwanamke mwaminifu, aliyepatana na biarusi mapema ni zipi atakazopiga, na zitakaa kwa nani. Hili si ushamba. Ni kumheshimu binti kama tunavyoiheshimu amana ya dhahabu, hata zaidi.

Na jambo la mwisho. Sisi watu wa Tana twajua habari moja kuhusu ukumbusho ambayo watu wa mji mkavu huenda hawaijui. Mto hurudi. Ulirudi kwa mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, ukarudi mwaka 2018, ukarudi tena mwishoni mwa 2023, ukakata barabara na kuingia majumbani. Maji yaingiapo usiku, mtu hana wakati wa kupanga. Hubeba watoto, Msahafu, unga na godoro. Na mwandishi wa maneno haya amemwona mwanamke amesimama juu ya tuta la barabara, maji yamemloweka mpaka kiunoni, na mkononi amebeba mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Ndani yake ni picha ya arusi yake, na mumewe ni marehemu. Hatukuwa na moyo wa kumwambia kwamba kilicho mkononi mwake ni upuuzi. Wala hakikuwa upuuzi. Alikuwa amembeba shahidi wake.

Lakini wako wengi ambao picha zao zilikwenda na maji mpaka Kipini, zikaingia baharini. Je, ndoa zao zimepungua? La. Mtu aliyemlisha mwenziwe mkononi katika ugonjwa, aliyemsubiri katika ufukara, aliyemstahi mbele ya watu, huyo amekwisha kuandikwa mahali ambapo maji hayafiki. Picha njema ni ile inayoshuhudia ndoa kama hiyo. Na ndoa kama hiyo haiharibiki kwa kukosa picha. Hii ndiyo mizani. Ikiwa tumeigeuza, tukawa na picha njema pasipo ndoa njema, basi tumelitundika pazia mahali pasipokuwa pake.

Kwa hiyo jawabu la suala la pili twalitoa hivi. Kwa mwenye kufuata rukhsa, kazi ya kijana yaweza kuwa na thawabu, kwa masharti manne: asiwalazimishe watu kutenda kwa ajili ya picha walilolitenda kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya wenzao, asitoe uso wa mtu pasipo radhi yake, asimshawishi maskini kukopa, na awe wa kwanza kukishusha chombo chake pale anapoona kwamba kukishusha ni sitara. Nanyi wazazi, mtakapomwita, msimwulize tu ana kamera gani. Ulizeni ana amana gani.

Baraza ilipokuwa yataka kuvunjika, yule mzee aliyesema habari za udhu mwanzoni aliinua mkono. Tulidhani atatukemea. Akasema: “Nilimwambia kijana aulize habari za udhu. Sasa naona ndizo alizokuwa akiuliza. Maana hata udhu, nguzo yake ya kwanza ni nia. Na mwenye kunawa bila nia amelowana tu.” Tukaondoka na maneno hayo.

Mwenyezi Mungu azitengeneze nia zetu, azihifadhi nyumba zetu, na aunganishe nyoyo za watu wa mto huu. Amin.